LibreOffice, ONLYOFFICE, WPS au kivinjari? Namna ya kumchagua mrithi wa Office ukihamia Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho wa kuihudumia Windows 10. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa Nakuru, Kisumu na Kakamega, kama HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 au Dell Latitude E7470, zina prosesa za Intel za kizazi cha 6. Windows 11 inadai kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine hizo bado ni nzima na zina nguvu ya kutosha, ndiyo maana wengi wanaziwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux. Kuisakinisha huchukua chini ya saa moja. Kesho yake asubuhi swali linakuja: sasa Word iko wapi?

Jibu la haraka, yaani "tumia LibreOffice", ni sahihi kwa watu wengi lakini si kwa wote, na anayelipokea bila maelezo ndiye hurudi Windows baada ya wiki mbili. Kabla ya kuuliza programu ipi inafanana na Word, jiulize faili yako ikitoka mkononi mwako inakwenda kwa nani. Je, anayeipokea ataichapisha tu, au ataibadilisha na kukurudishia? Ataifungua kwa programu gani? Ukiyajibu hayo, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Tunalinganisha njia nne hapa. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org na inatunzwa na The Document Foundation. Ni huria kabisa, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na inakuja tayari ndani ya Linux Mint: Writer mahali pa Word, Calc mahali pa Excel, Impress mahali pa PowerPoint, na Draw ya michoro. ONLYOFFICE Desktop Editors inatoka Ascensio System ya Riga, Latvia. Nayo msimbo wake ni huria, na faili zake za asili ni docx, xlsx na pptx zenyewe, zilezile za Word, Excel na PowerPoint. WPS Office ya Kingsoft, China, ni ya bure kwenye Linux lakini msimbo wake umefungwa. Wengi wanaijua kutoka kwenye simu. Njia ya nne ni kivinjari: Word na Excel za wavuti kwa akaunti ya bure ya Microsoft yenye hifadhi ya GB 5, au Google Docs na Sheets zenye GB 15.

Vigezo ni sita: ukurasa kubaki ulivyoandikwa, hesabu na makro, bando na stima, uzito kwa mashine, urahisi wa mikono kuzoea, na usiri wa unachoandika. Havina uzito sawa. Cha kwanza ndicho huwagombanisha watu zaidi na Linux, kwa hiyo tutakaa nacho.

## Ukurasa kubaki ulivyoandikwa

Chukua azimio la kazi la muhula mmoja. Ni jedwali lililolazwa kwenye karatasi ya A4, safu tisa au kumi, Calibri ukubwa wa 10, kurasa sita kamili. Ulifungue kwenye Linux isiyo na fonti mwafaka: kurasa zimekuwa saba, safu ya "Nyenzo" imekatika maneno katikati, na mstari wa juma la nne umegawanyika nusu huku nusu kule. Mwalimu anailaumu LibreOffice. Mara nyingi kosa ni la fonti. Calibri ni mali ya Microsoft na haimo ndani ya Linux, kwa hiyo mashine imeweka fonti nyingine iliyo pana zaidi. Kila neno limeongezeka upana kidogo, mistari imemwagika, na safu mlalo zimerefuka.

Kuna fonti huria zilizopimwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa fonti za Microsoft: Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria, Liberation Serif kwa Times New Roman, na Liberation Sans kwa Arial. Fungua dirisha la amri (Terminal) uandike:

`fc-match Calibri`

Jibu likitaja Carlito, uko sawa. Likitaja DejaVu Sans au kitu kingine, sakinisha:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea ttf-mscorefonts-installer`

Kifurushi cha mwisho huleta Arial, Times New Roman, Verdana, Georgia na wenzao, lakini hakileti Calibri wala Cambria. Kitakuonyesha masharti ya leseni kwenye skrini. Bonyeza Tab hadi kwenye OK, kisha Enter. Hapa wengi hukwama, maana kipanya hakifanyi kazi kwenye skrini hiyo. Jambo lingine la kuangalia: kifurushi hicho hupakua fonti zenyewe kutoka mtandaoni baada ya kusakinishwa. Mtandao ukikatika wakati huo, mfumo utasema kimesakinishwa ilhali fonti hazimo. Rudia kwa `sudo apt install --reinstall ttf-mscorefonts-installer`. Baada ya hapo funga programu zote za ofisi uzifungue upya.

Fonti zikiwa sawa ndipo ulinganisho unakuwa wa haki.

LibreOffice hufungua vizuri barua, ripoti, wasifu wa kazi, mitihani na majedwali ya kawaida. Hutatizika pale waraka ulipojengwa kwa masanduku ya maandishi yaliyolaliana, michoro ya SmartArt, au fomu za kujaza zenye vitufe. Sababu ni kwamba inaisoma docx na kuitafsiri kwenye mfumo wake wa ndani, kisha ukihifadhi inaitafsiri tena kurudi docx. Kila safari ya kwenda na kurudi ni nafasi ya kitu kupotea.

ONLYOFFICE haina safari hiyo kwa docx, kwa kuwa ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Kwa waraka unaokwenda na kurudi kati yako na mtu wa Word, wenye maoni pembeni na mabadiliko yanayofuatiliwa, ndiyo tunayoiamini zaidi kati ya programu huria. Udhaifu wake uko upande wa pili: faili za ODT (aina ya asili ya LibreOffice) na za doc ya zamani huzigeuza, kwa hiyo mwenzako akiwa wa LibreOffice, afadhali mkubaliane kutumia docx.

WPS hukaribia sana sura ya Word na PowerPoint, hasa slaidi zenye mapambo mengi. Ukiifungua mara ya kwanza itakulalamikia kwamba fonti za Symbol, Wingdings, Webdings na MT Extra hazipo. Mwalimu wa hisabati au fizikia asilipuuze onyo hilo, kwa sababu alama za milinganyo hutegemea fonti hizo, na alama inaweza kugeuka kisanduku kitupu katikati ya swali la mtihani.

Word ya wavuti ni ya Microsoft yenyewe na fonti ziko kwenye seva zake, kwa hiyo Calibri unaiona ni Calibri. Ila baadhi ya vitu utaviona bila kuweza kuvihariri. Google Docs ni hodari kwa waraka ulioanzia hapohapo, na dhaifu kwa waraka mgumu ulioanzia Word.

Haya yote yanapungua sana ukishika tabia moja: anayekwenda kuchapisha tu, mtumie PDF. Njia zote nne hutoa PDF, na PDF ya LibreOffice itachapishwa saiba ya Kondele au Kakamega mjini ikiwa vilevile ulivyoiona. Na faili moja usiizungushe kwenye programu tatu. Waraka ulioandikwa Word, ukahaririwa WPS kwenye simu, ukarudi Writer, ukaishia Google Docs, huwa umebeba mabaki ya mitindo ya kila mmoja, na hapo hakuna fonti itakayouokoa.

## Hesabu na makro

Orodha ya alama, hesabu za chama, bajeti, VLOOKUP, IF, jedwali egemeo (pivot table): njia zote nne zinaweza. Tofauti ziko pembezoni, na mbili zinaumiza.

Ya kwanza ni XLOOKUP. Calc ilipata fomula hiyo katika toleo la 24.8, lakini Linux Mint 22 inakuja na LibreOffice 24.2. Faili ya mwenzako wa Excel ikifunguka, majibu ya zamani yanaweza kuonekana sawa, kisha ukibadilisha alama moja na hesabu ikapigwa upya, unapata #NAME?. Dawa ni kusakinisha LibreOffice mpya kupitia Flatpak (njia ya kusakinisha programu pamoja na vifurushi vyake), au kuandika upya kwa INDEX na MATCH. ONLYOFFICE na Excel ya wavuti zina XLOOKUP.

Ya pili ni makro za VBA, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi ndani ya faili ya Excel. LibreOffice huendesha baadhi, si zote. ONLYOFFICE ina makro zake za JavaScript, kwa hiyo VBA haiendi. WPS ya bure ya Linux usiitegemee kwa hilo. Excel ya wavuti itakufungulia faili yenye makro lakini haitaiendesha. Huku kwetu jambo hili lina jina: ritani ya P10 ya PAYE, ile fomu ya Excel unayojaza, kubonyeza Validate, ikatoa faili ya zip ya kupandisha iTax. Kitufe hicho ni makro. Kwenye ukurasa wa kupakua fomu angalia kama kuna toleo la ODS (lahajedwali ya LibreOffice). Likiwepo, hilo ndilo la kutumia na LibreOffice, na uweke usalama wa makro kiwango cha Medium kwenye Tools > Options > LibreOffice > Security > Macro Security, ili ikuulize kabla ya kuendesha. Lisipokuwepo, utahitaji Excel halisi mahali fulani. Tutalirudia hapa chini.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: tarehe. Calc ikiwa kwenye mazingira ya Marekani, 03/04/2025 inasomwa kuwa tarehe 4 Machi. Nenda Tools > Options > Languages and Locales > General, uchague English (UK) kwenye Locale setting kabla hujaingiza tarehe hata moja.

## Bando na stima

LibreOffice haikugharimu bando, tayari imo kwenye flashi uliyosakinishia Mint. ONLYOFFICE na WPS ni mamia kadhaa ya MB kila moja, mara moja. Ukizichukua kupitia Flatpak kwa mara ya kwanza, zinavuta pia vifurushi vya msingi na upakuaji unakuwa mkubwa zaidi, kwa hiyo mwenye bando dogo achukue faili ya .deb, yaani faili moja ya kusakinishia programu. Faida nyingine ya .deb ni kwamba inabebeka kwa flashi. Walimu watano wa shule moja wanapakua mara moja, kisha kila mmoja anafungua dirisha la amri ndani ya folda ile na kuandika `sudo apt install ./onlyoffice-desktopeditors_amd64.deb`. Nukta na mkwaju vilivyo mwanzoni mwa jina ni vya lazima. Bila hivyo apt itaitafuta mtandaoni na kusema haipo. Ikihitaji vifurushi vya ziada itavitafuta mtandaoni, kwa hiyo usikate data kabisa.

Stima ikipotea, kompyuta ya mezani isiyo na UPS inazima papo hapo. LibreOffice huhifadhi taarifa za uokoaji kila dakika 10. Katika mji ambao stima hukatika mvua ikianza, dakika 10 ni ukurasa mzima. Punguza hadi 2 kwenye Tools > Options > Load/Save > General, na hapohapo weka alama kwenye Always create backup copy. ONLYOFFICE ina mpangilio wa kuokoa kwenye File > Advanced Settings, hakikisha umewashwa. WPS nayo huweka nakala za kujikinga.

Kivinjari ni kinyume. Stima ikikatika hupotezi kitu, maana kila neno limeshafika kwenye seva. Mtandao ukikatika ndipo kazi inasimama. Google Docs inaweza kufanya kazi nje ya mtandao kwenye Chrome au Edge, ukiwa umeiwasha mapema. Kwenye Firefox, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Mint, haiwezi.

## Uzito kwa mashine

ONLYOFFICE imejengwa juu ya injini ya Chromium, ileile iliyo ndani ya Chrome, kwa hiyo inakula RAM. Kivinjari chenye vichupo kumi nacho ni hivyohivyo. Kwenye GB 4 tungechagua LibreOffice au WPS, na toleo jepesi la Mint, la Xfce, badala ya la Cinnamon. Kwenye GB 8 tofauti haitakusumbua. Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, fedha ya kwanza itumie kwa SSD. Hakuna uchaguzi wa programu utakaoleta mabadiliko kama hayo.

## Mikono kuzoea

WPS na ONLYOFFICE zina vichupo vya juu kama vya Word: Home, Insert, Layout. Mtu aliyezoea Word 2016 anaanza kazi siku hiyohiyo. LibreOffice inakuja na menyu za mtindo wa zamani, lakini ukienda View > User Interface ukachagua Tabbed na Apply to All, unapata vichupo. Ctrl+S, Ctrl+Z na Ctrl+B hazijabadilika kwa yoyote.

Kuna kona moja ya Writer inayowatoa watu machozi: kulaza ukurasa mmoja katikati ya waraka uliosimama. Ukibonyeza Landscape, kurasa zote zinalala. Word hutumia migawanyo ya sehemu. Writer hutumia mitindo ya kurasa. Weka kishale mahali, nenda Insert > More Breaks > Manual Break, chagua Page break, na kwenye Style chagua Landscape. Baada ya jedwali, rudia uchague Default Page Style. Ukishaielewa ni safi kuliko ya Word, lakini hakuna atakayeigundua kwa kubahatisha.

Mwalimu wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuipenda LibreOffice: ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Teua maandishi, nenda Tools > Language > For Selection > More, uchague Swahili (Tanzania). Mistari myekundu chini ya kila neno inatoweka, inabaki kwenye makosa halisi. Usipoona alama ya ABC kando ya jina la lugha, kamusi haijasakinishwa. Itafute kwenye Software Manager.

Faili za LibreOffice huhifadhiwa kwa ODT kama hujabadilisha. Kama kila unayemtumia yuko Word, badilisha mara moja kwenye Load/Save > General, sehemu ya Always save as, ili usimtumie mkuu wa idara faili ambayo simu yake haiwezi kufungua.

## Usiri

LibreOffice na ONLYOFFICE ya mezani hazikudai akaunti, na faili inabaki kwenye diski yako. WPS msimbo wake haukaguliki na mtu wa nje, na ina huduma za wingu. Usiingie kwa akaunti kama huzihitaji. Kivinjari kinamaanisha faili iko kwenye seva ya mtu mwingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na saiba inayoshika nakala za vitambulisho, PIN za KRA na alama za wanafunzi inaguswa nayo. Kwenye mashine ya wateja, fungua kivinjari kwa dirisha la faragha, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox, ili kikifungwa akaunti ya mteja isibaki wazi.

## Publisher, Photoshop na zile nyingine

Magharibi mwa Kenya Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia vitabu na kadi, ni riziki. Vitabu vya programu za mazishi, kadi za harusi na vyeti vya shule vimejaa faili za .pub za miaka kumi iliyopita. Microsoft imetangaza kuiacha Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo hata wa Windows watahama. Kati ya njia zetu nne, ni LibreOffice pekee inayofungua .pub, kupitia Draw. Picha na maandishi yanatoka. Fremu zinaweza kusogea, na huwezi kuhifadhi kurudi .pub. Fungua kila kiolezo unachokitumia, kinyooshe mara moja, ukihifadhi kwa ODG, faili ya Draw. Anza na vile vya kila wiki.

Kitabu chenyewe cha mazishi kinaweza kutoka Writer. Weka ukurasa wa A5 uliosimama, na idadi ya kurasa igawike kwa 4. Wakati wa kuchapisha chagua karatasi ya A4, na kwenye mpangilio wa kurasa uchague Brochure. Yenyewe itapanga ukurasa wa 1 kando ya wa mwisho. Printa inayochapisha pande mbili iwekwe kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo ukurasa wa ndani utatoka kichwa chini. Isiyoweza, chapisha pande za mbele, geuza rundo, kisha pande za nyuma. Jaribu nakala moja kwanza, maana kila printa hugeuza karatasi kivyake, na Ijumaa jioni nakala 300 zikiharibika hakuna muda wa kuzirudia. Anayetaka udhibiti wa kweli wa rangi na fremu ajifunze Scribus.

Kwa CorelDRAW, Inkscape ndiyo iliyo karibu. Hufungua baadhi ya faili za .cdr, za zamani vizuri kuliko mpya, kwa hiyo mwombe mwenye faili akutolee PDF au SVG. Kwa Photoshop, GIMP inatosha kusafisha picha za pasipoti na mabango ya kawaida, na mtu aliyezoea tabaka za PSD ataona Photopea kwenye kivinjari ikiwa nyumbani zaidi. SPSS ina PSPP inayofungua .sav, na pia jamovi na JASP. EndNote ina Zotero. EasyWorship ya kanisani ina OpenLP. Virtual DJ ina Mixxx. VLC, OBS na Telegram ni zilezile, na WhatsApp Web haijali uko mfumo gani. AutoCAD haina mbadala huria wa kutegemewa kwa DWG: LibreCAD ni ya michoro ya pande mbili ya DXF, na BricsCAD inaendeshwa kwenye Linux lakini ni ya kulipia.

Printa nayo usiisahau. Epson za tangi hutumia kifurushi cha printer-driver-escpr. HP hutumia HPLIP, ila LaserJet P1102, iliyojaa kwenye saiba, hupokea kazi na kukaa kimya hadi uendeshe `hp-plugin` kwenye dirisha la amri ukiwa na mtandao.

## Pale Excel halisi haiepukiki

Usitegemee Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux) kwa Office mpya ya kazi ya kila siku. Itakuangusha siku ya mwisho ya ritani. Bakisha Windows kando ya Linux kwenye diski moja. Kabla ya kugawa, andika mahali ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) kama umewashwa, na uzime Fast Startup kwenye Control Panel > Power Options. Usipoizima, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux itazifungua faili za upande huo kwa kusoma tu. Mwenye GB 8 za RAM au zaidi anaweza kuiweka Windows yenye leseni ndani ya VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya Linux.

## Kwa hali yako

Kama bado uko Windows, usiruke bado. LibreOffice, ONLYOFFICE na WPS zote zina matoleo ya Windows. Chagua faili zako kumi ngumu zaidi, zile za jedwali refu na fomula nyingi, uzifungulie humo kwa wiki mbili. Utakachokiona ndicho kitakachokukuta Linux, isipokuwa fonti, na hiyo sasa unajua dawa yake.

Mwalimu anayeandika mwenyewe, kuchapisha na kuweka kwenye faili: LibreOffice inamtosha, na kamusi ya Kiswahili ni nyongeza. Akiwa kwenye idara ambapo azimio moja linapita mikononi mwa walimu watano wa Word, aongeze ONLYOFFICE na kuitumia kwa faili hizo tu.

Mwanafunzi wa uzamili Maseno, Egerton au Masinde Muliro, ambaye msimamizi wake huandika maoni pembeni kwa Word: ONLYOFFICE pamoja na Zotero. Achague programu moja ya kuandikia tasnifu tangu sura ya kwanza na asiibadilishe katikati, kwa kuwa nukuu za Zotero zinaweza kugeuka maandishi matupu zikihamishwa ovyo.

Mhazini wa chama au kanisa, ambaye wanachama wanataka kuona michango kwenye simu zao: Google Sheets, wao wakipewa ruhusa ya kutazama tu. Kila mwisho wa mwezi apakue nakala ya xlsx.

Mwenye slaidi za mapambo mengi, asiyejali msimbo uliofungwa, na mwenye RAM ya GB 4: WPS.

Mhasibu wa kampuni ndogo mwenye P10 na faili za VBA: LibreOffice kwa kazi za kila siku, na Windows iliyobakishwa kwa siku za ritani.

Mwenye saiba hana budi kupokea kila kitu. Aweke LibreOffice na ONLYOFFICE pamoja, hazigombani. Kwa docx na xlsx, abonyeze faili kwa kitufe cha kulia, achague Open With kisha Other Application, na aifanye ONLYOFFICE kuwa ya kufungua. Doc za zamani, ODT na .pub ziende LibreOffice. Mashine moja kati ya zilizopo, iliyo karibu na kaunta, ibaki na Windows na Excel yenye leseni kwa ajili ya fomu za makro. Na juu ya printa abandike karatasi: "Tuma PDF."